Kuuza huduma za usafirishaji wa mizigo kwa kamisheni: mwongozo kwa afisa mauzo anayeanza kazi Arusha au Moshi

Tangazo la kazi ya afisa mauzo katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo kwa kawaida hutaja mshahara wa msingi kwa maneno machache na kamisheni kwa maneno mengi. Wiki ya kwanza haijaisha, mwajiriwa hugundua kwamba lengo lake la mwezi limekwisha kuanza kuhesabiwa, kwamba kila Jumatatu asubuhi majina hupangwa kwa mauzo mbele ya wenzake, na kwamba hakuna aliyemweleza kwa nini kontena lililojaa maharage linahitaji maswali tofauti na kontena lile lile lililojaa magodoro. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Msimamo wake ni kwamba kamisheni katika kazi hii hupatikana kwa kuijua gharama kabla ya kutaja bei na kwa kuhakikisha kuwa fedha imeingia baada ya mzigo kufika, na kwamba shinikizo la lengo hudhuru pale linapomfanya mtu aruke mojawapo ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: soma kifungu cha kamisheni kabla ya kusaini

Uliza kwanza iwapo asilimia utakayolipwa hukokotolewa kwenye jumla ya mauzo au kwenye faida ghafi, yaani kinachobaki baada ya kampuni kumlipa mwenye lori, shirika la meli au la ndege, na tozo nyingine za safari. Asilimia 10 ya faida ghafi inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 2 ya mauzo, hivyo namba yenyewe haina maana mpaka ujue inazidishwa na nini. Uliza pia kamisheni inastahili kulipwa lini: ankara inapotolewa, au fedha ya mteja inapoingia benki? Kampuni nyingi hulipa fedha inapoingia, na utaratibu huo ni wa haki mradi ujulikane mapema. Swali la tatu ni la umiliki wa wateja. Katika ofisi nyingi kuna wateja wakubwa wanaohesabiwa kuwa wa ofisi, ambao hawakuletei kamisheni hata ukiwahudumia usiku kucha, na ni vyema orodha yao iwe imeandikwa siku unayoanza ili isije ikarefuka kila unapomleta mteja mzuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo malipo yake na namna yanavyokokotolewa. Kwa hiyo kuomba fomula ya kamisheni iandikwe si ukorofi. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo na meneja mchangamfu hudumu kadiri meneja huyo anavyodumu katika nafasi yake.

Kumbuka vilevile kwamba kamisheni ni sehemu ya mapato ya ajira na hukatwa kodi pamoja na mshahara. Kwa viwango vinavyotumika Tanzania Bara, sehemu ya mapato ya mwezi inayozidi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Kampuni inayolimbikiza kamisheni ya miezi mitatu na kuilipa kwa mkupuo inaweza kukusukuma kwenye kiwango hicho hata kama mapato yako ya kawaida hayafiki huko, na hilo ni jambo la kujadili kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kusaini utaambiwa ndiyo utaratibu wa ofisi.

Hatua ya pili: zijue gharama za njia kabla ya kushika simu

Ukiweza, omba siku zako za mwanzo uzitumie ukiwa umekaa na mratibu wa magari na karani wa forodha badala ya kupiga simu. Meneja wako huenda asipende, lakini ukipewa hata nusu siku kila siku, ichukue.

Anza na ramani. Barabara kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni takriban kilomita 650, na Moshi iko karibu kilomita 80 kabla ya Arusha. Bandari ya Tanga iko karibu zaidi na Kilimanjaro kuliko ya Dar es Salaam, na vivyo hivyo bandari ya Mombasa, inayofikiwa kupitia Holili, Taveta na Voi. Namanga iko kaskazini mwa Arusha kwa mwendo wa kilomita 110 hivi, na ndiyo njia ya malori yanayokwenda Nairobi. Namanga na Holili zote zina vituo vya pamoja vya huduma mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Reli ya geji ya mita ilirejesha huduma za mizigo hadi Moshi mwaka 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, na kwa shehena nzito isiyo na haraka, kama saruji, usiiache nje ya hesabu zako. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko katikati ya Moshi na Arusha, ingawa maua na mboga nyingi za ukanda huu zimekuwa zikipita Namanga kwenda kupakiwa kwenye ndege Nairobi.

Baada ya ramani jifunze uzito, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi za wauzaji huvunjikia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba. Gari lenye ekseli sita la aina tunayoiona zaidi hapa halifiki huko: ekseli ya usukani hubeba tani 8, jozi ya ekseli za kichwa cha lori tani 18, na kundi la ekseli tatu za tela tani 24, ambazo jumla yake ni tani 50 pamoja na gari lenyewe na kontena tupu. Ukitoa uzito wa kichwa, tela na kontena, kinachobaki ndicho unachoweza kumwuzia mteja. Hata jumla ikiwa sawa, mzigo uliorundikwa upande mmoja unaweza kuzidisha kundi moja la ekseli, na lori likazuiwa kwenye mizani ya Vigwaza huku mteja akiuliza kwa nini mzigo wake unapangwa upya kando ya barabara. Mwenye maharage aulizwe uzito kwanza na mwenye magodoro aulizwe ujazo kwanza.

Kwa mzigo wa ndege, bei hutozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Boksi la maua lenye sentimita 60 kwa 40 kwa 40 lina ujazo wa sentimita za ujazo 96,000, hivyo huhesabiwa kuwa na kilo 16 hata kama mizani inaonyesha kilo 9. Kwa maboksi 100 tofauti ni kilo 700, na afisa mauzo aliyetoa bei kwa kilo 900 wakati shirika la ndege linadai kilo 1,600 amekula faida yote ya kampuni na zaidi. Mzigo wa meli usiojaza kontena hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, vilevile kwa kilicho kikubwa. Tembea na futi ya kupimia mfukoni. Mteja anayesema boksi zake ni za kawaida hajakwambia chochote.

Jambo la mwisho katika hatua hii, na kwa maoni yangu ndilo linalowatesa zaidi wateja wa Arusha na Moshi, ni siku za bure za kontena. Shirika la meli humpa mwagizaji idadi fulani ya siku za kulitumia kontena, na baada ya hapo hutoza kwa dola kila siku mpaka kontena tupu lirudishwe. Tuseme siku za bure ni 14. Utoaji wa mzigo bandarini ukichukua siku 7, kupakia siku 1, safari siku 2, kushusha siku 2 na kurudisha kontena siku 2, hakuna siku hata moja iliyobaki kwa ajili ya lori kuharibika au nyaraka kukosewa. Mfanyabiashara aliye Dar es Salaam na hesabu hizo hizo ana nafasi ya kupumua ambayo wa Moshi hana. Kwa hiyo ukiwa na mteja wa huku juu, mwulize mapema kama anaweza kuomba siku zaidi kutoka shirika la meli kabla mzigo haujapakiwa ughaibuni, au kama bidhaa zake zinaruhusu kushushwa Dar es Salaam na kupakiwa upya kwenye lori la kawaida ili kontena lirudi mara moja. Mwuzaji anayeuliza swali hilo bila kuulizwa hupata mteja hata kama bei yake si ya chini kuliko zote.

Hatua ya tatu: chagua wateja kwa aina ya mzigo na kwa msimu

Orodha ya namba za simu uliyokabidhiwa na ofisi imekwisha kupigiwa na kila aliyekutangulia. Tengeneza yako kwa kufuata mizigo. Upande wa Arusha kuna mashamba ya maua na mboga kuelekea Usa River, kampuni za mbegu, kampuni za utalii zinazoagiza vipuri na vifaa vya kambi, na wenye maghala wa Unga Limited na Njiro. Upande wa Moshi kuna wasafirishaji wa kahawa, kwa kuwa Bodi ya Kahawa na mnada wake viko mjini hapo, na kuna wafanyabiashara wa nafaka wanaotumia Himo na Holili kuingia Kenya.

Kila kundi lina wakati wake wa kuzungumza. Kampuni ya utalii inayotaka bidhaa zake ziwe zimefika kabla ya msimu wa Juni hadi Oktoba haina haja ya kukusikia mwezi Juni. Mpigie Februari au Machi, wakati bidhaa bado ziko kwa mtengenezaji na meli bado ina wiki kadhaa za safari. Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuvunwa katikati ya mwaka, hivyo anayetaka kuisafirisha aanze mazungumzo kabla ghala halijajaa. Kwa mazao yanayovuka mpaka, fuatilia pia maamuzi ya serikali. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti. Afisa mauzo aliyejua masharti hayo asubuhi yalipotoka alikuwa na la kuwaambia wateja wake, na aliyekuwa anasubiri meneja amwambie hakuwa nalo.

Kwa mazao ya mimea yanayokwenda nje, hakikisha unaelewa cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao makuu yake yako Ngaramtoni. Huhitaji kuwa mtaalamu, lakini unatakiwa ujue kwamba ndege haimsubiri mtu ambaye cheti chake hakijatoka.

Hatua ya nne: toa bei kwa maandishi, na usipunguze bila kubadilisha kitu

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Umemtozea mteja shilingi 4,000,000 kwa kontena kutoka Dar es Salaam. Lori linagharimu 3,300,000 na gharama nyingine 250,000, hivyo faida ghafi ni 450,000, na kwa asilimia 10 kamisheni yako ni 45,000. Mteja anaomba umpunguzie 200,000, ambayo ni asilimia 5 tu ya bei na inaonekana ndogo. Ukikubali, faida inashuka hadi 250,000 na kamisheni yako inakuwa 25,000. Asilimia 5 ya bei imekula zaidi ya asilimia 44 ya faida. Hesabu hii iandike mahali unapoiona kila siku, kwa sababu mwisho wa mwezi, lengo linapokuwa bado mbali, kishawishi cha kupunguza bei huja kikiwa kimevaa sura ya busara.

Usimkatalie mteja moja kwa moja, bali punguza bei kwa kubadilisha kitu kinachopunguza gharama. Je, anaweza kukubali mzigo upakiwe siku mbili baadaye, ili utumie lori lililoshusha Dar es Salaam na linalotafuta mzigo wa kurudi? Je, anaweza kulipa nusu kabla ya lori kuondoka? Anaweza kuhakikisha vibarua wa kushusha wapo lori linapofika, badala ya gari kulala getini kwake?

Bei yako iandikwe ikionyesha mzigo ni nini, uzito na vipimo vilivyotumika, mahali pa kupakia na kushusha, bei ni halali hadi tarehe gani, VAT ya asilimia 18 imo au haimo pale inapohusika, na nani atalipa tozo za kuchelewesha kontena. Mstari huo wa mwisho ndio wauzaji wengi huuacha kwa kuogopa kumtisha mteja. Uandike.

Hatua ya tano: mazungumzo yenyewe

Hapa sina mengi ya kusema, kwa kuwa ofisi yako itakufundisha maneno ya kuuza kuliko unavyohitaji. Mzee mwenye ghala Mbuyuni aamkiwe shikamoo, aulizwe hali ya biashara, na asikatizwe anapolalamikia msafirishaji aliyepita, kwa sababu katika malalamiko hayo anakutajia huduma anayotaka kuinunua. Baada ya hapo uliza maswali mafupi:

“Mzee, mzigo wa mwisho ulikaa bandarini siku ngapi?”

“Siku kumi na tisa. Nililipa dola mpaka nikachoka.”

“Nyaraka zilimfikia wakala meli ikiwa bado njiani, au ikiwa imekwisha kufika?”

Jibu la swali hilo litakuambia tatizo lilikuwa kwa wakala, kwa muuzaji wa ng’ambo au kwa mzee mwenyewe, na ndipo utakapojua kama kampuni yako inaweza kweli kulitatua. Ikiwa haiwezi, mwambie. Mteja aliyeambiwa ukweli Moshi huwaambia wenzake, na mji si mkubwa.

Hatua ya sita: baki na mzigo mpaka ufike

Mteja akikubali, kazi ya kuuza haijaisha. Thibitisha kwamba orodha ya vifurushi, ankara na hati ya shehena zinataja bidhaa na uzito ule ule, kwa maana tofauti ndogo kati ya karatasi hizo ndiyo huanzisha ukaguzi wa ziada forodhani. Mteja akiomba thamani ya bidhaa iandikwe chini ya halisi ili alipe ushuru mdogo, kataa na umfahamishe msimamizi wako. Lori likichelewa, mpigie mteja kabla hajakupigia, umwambie lilipo, kilichotokea na saa utakayompigia tena. Kisha mpigie saa hiyo hata kama huna jipya. Mzigo ukifika, hakikisha hati ya makabidhiano imesainiwa na kupigwa muhuri, na chukua picha yake siku hiyo hiyo. Bila hati hiyo idara ya fedha ya mteja haitalipa ankara, na ankara isiyolipwa haina kamisheni.

Hatua ya saba: dai fedha kwa utaratibu

Wenye malori hutaka fedha yao mapema, sehemu ikiwa ya mafuta kabla gari halijawashwa, ilhali mteja mkubwa anaweza kulipa baada ya siku 60. Katika kipindi hicho kampuni yako inamkopesha, na wewe unaikopesha kampuni kamisheni yako. Mjue kwa jina mtu anayeandaa malipo kwa mteja, na siku ya wiki anayoandaa. Peleka ankara ikiwa kamili, uulize baada ya siku chache kama imepokelewa na haina kasoro, na usisubiri tarehe ya malipo ipite ndipo uanze kuuliza. Kabla ya kumpa mteja mpya mkopo wa siku 30, waulize wasafirishaji wengine kuhusu tabia yake ya kulipa. Katika ukanda huu watu wa magari wanafahamiana.

Hatua ya nane: kuishi na shinikizo

Panga matumizi ya nyumbani kwa mshahara wa msingi peke yake, kodi ya nyumba na ada ya shule zikiwemo, na uichukulie kamisheni kuwa fedha inayochelewa. Malipo ya awali yanayokatwa baadaye kwenye kamisheni yaepuke kadiri unavyoweza, maana mtu anayeanza mwezi akiwa anadaiwa na ofisi hukubali mizigo ambayo angeikataa.

Gawa lengo la mwezi katika vitu unavyovitawala. Huwezi kuamua wateja wangapi watakubali, ila unaweza kuamua utatembelea maghala mangapi Unga Limited leo, utatuma bei ngapi zilizoandikwa vizuri, na utafuatilia ankara ngapi. Kuhusu saa, sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Malori hutembea usiku na simu zitakuja usiku. Zungumzeni ofisini kuhusu zamu, vinginevyo kundi la WhatsApp litakuwa ndiyo saa zako za kazi.

Kuna shinikizo jingine linalotoka kwa wateja. Afisa manunuzi wa kampuni fulani atakuambia kwamba mzigo ni wako mradi umkumbuke. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye ofisi za umma. Inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili apendelee mtu katika shughuli za mwajiri wake, na anayempa. Jibu ambalo naona linafaa ni la kibiashara: mwambie punguzo lolote litaandikwa kwenye ankara ya kampuni yake. Baadhi watakuacha. Wale wanaobaki huwa hawaongezi dau kila msimu.

Hatua ya tisa: tunza kumbukumbu zako, hasa ukifikiria kuondoka

Kila mwezi andaa jedwali lako mwenyewe lenye namba ya kila ankara, tarehe iliyolipwa, faida ghafi na kamisheni iliyokokotolewa, kisha ulilinganishe na hati ya mshahara. Tofauti idai kwa maandishi mwezi huo huo. Mwajiri akitaka kukata kwenye ujira wako hasara ya mzigo, sheria inamtaka aonyeshe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako.

Ukiamua kuondoka, toa notisi baada ya kupata taarifa iliyosainiwa ya ankara zako ambazo bado hazijalipwa, na usiondoke na orodha ya wateja wa kampuni iliyonakiliwa kwenye simu yako. Kamisheni isiyolipwa inaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Arusha na Moshi: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo ya malipo, ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, hati za mshahara na jedwali lako, na ikiwa siku zimepita, utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa.